Watu wa Nyuma ya Uzio

Gari la mpwa wangu liliruka. Lilipopita mgongo wa barabara pale Flugplatz, kwenye njia ndefu ya Nürburgring, magurudumu ya mbele yaliachana na lami, pua ikainuka, likapinduka na kuangukia uzio. Alicheka, akabonyeza kitufe cha kuanza upya. Kabla sijashusha pumzi, gari lilikuwa limerudi mwanzo, zima, linang'aa.

"Na wale watu?" nilimuuliza.

"Wapi, mjomba?"

"Nyuma ya uzio."

"Aa, zile ni picha tu."

Alikuwa sahihi. Gemu ya namna hii hulijua gari kuliko madereva wengi. Kila gurudumu lina springi yake ya hesabu: kadiri inavyobonyea ndivyo inavyosukuma. Kando yake kuna shokapu, ambayo haiangalii springi imebonyea kiasi gani bali inabonyea kwa kasi gani, kisha inaituliza isiendelee kudunda. Ukikanyaga breki, uzito unahamia mbele; ukikata kona, unahamia upande wa nje. Hesabu hiyo hurudiwa tena na tena ndani ya kila sekunde, ili ijulikane kila tairi imebeba mzigo gani, maana mshiko wa tairi hutegemea mzigo huo. Tena hauendi sawa nao: mzigo ukiongezeka maradufu, mshiko hauongezeki maradufu. Na barabara ikishuka ghafla, springi hunyooka, mzigo hupungua, usukani hubaki mwepesi mkononi.

Ujuzi unaopatikana humo si wa kudharau. Mwaka 2011 kijana wa Uingereza, Jann Mardenborough, alishinda shindano la wachezaji wa Gran Turismo, akafunzwa udereva wa mbio za kweli. Mwaka 2013, kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, yeye na wenzake walipata nafasi ya tatu katika daraja lao. Machi 2015, gari lake la kweli liliruka palepale Flugplatz, likavuka uzio. Mtazamaji mmoja alifariki.

Kusema gemu ndiyo iliyoua ni uonevu. Le Mans ya 1955 iliua zaidi ya watu 80, na gemu hizi hazikuwepo. Swali langu ni jingine: ujuzi uliokomaa mahali ambapo kosa halimdhuru yeyote, umekamilika? Naona mikono imekamilika, na macho pia. Kinachokosekana ni kujua kwamba uzito ule uliokokotolewa kwa makini unaweza kumwangukia mtu. Springi inaandikika kwa namba kwa sababu haijali nani kasimama mbele yake. Dereva anatakiwa ajali, na kujali hakumo katika hesabu ya gari.

Wala kasoro hii si ya gemu peke yake. Filamu iliyotoka 2023 kuhusu maisha ya kijana yule iliichukua ajali ya 2015 na kuiweka kabla ya Le Mans, ili mafanikio yaje kama faraja baada ya majonzi. Kifo cha mtu kikawa kona katika safari ya mwingine. Nayo, kwa namna yake, ilibonyeza kitufe cha kuanza upya.

Mpwa wangu alirudia. Safari hii, alipoukaribia mgongo ule, aliachia mafuta kidogo. Nilifurahi.

"Mbona umepunguza?"

"Nikiruka napoteza muda, mjomba."

Nilitaka kumpa somo. Lakini asubuhi yake, nikielekea kazini, nilifika kwenye tuta lililo mbele ya shule, nikapunguza mwendo taratibu, gurudumu moja baada ya jingine, kama ninavyofanya kila siku. Hapo ndipo nilipogundua nilichokuwa nawaza: shokapu zangu mpya.

Watoto walikuwa wamesimama pembeni, wakisubiri kuvuka.