Nuru Isiyo na Mtazamaji

Katika mambo ambayo ufundi wa zama zetu umeyatia mikononi mwa watu pasipo kuwapa nafasi ya kuyatafakari, mna hili la kioo cha simu kinachojua kama kinatazamwa. Mwaka 2012 kampuni ya Samsung ilipotoa simu ya Galaxy S III, kamera yake ya mbele ilipewa kazi ya kuyatafuta macho ya mwenye simu, ili kioo kibaki kinang'aa maadamu macho yapo, na kififie kikazimike yakiondoka. Apple nayo ikaweka jambo la namna hiyo katika iPhone X mwaka 2017. Na siku hizi ziko kompyuta zenye vihisi vinavyorusha miali ya infraredi, miali ambayo jicho la mwanadamu haliioni, vikapima muda inaochukua kurudi kutoka kwa aliyeketi mbele yake, na miali isiporudi upesi, hujua ya kuwa kiti ni kitupu. Sababu yake ni bayana. Kioo ni miongoni mwa viungo vya chombo vinavyokula umeme mwingi kuliko vyote, na nuru inayomwagika pasipo mtazamaji haimfai mtu.

Hapa Lubumbashi hapana haja ya kumshawishi mtu juu ya faida hiyo, kwa kuwa mji unaoishi na delestaji, yaani mgao wa umeme, umemfundisha hata mtoto kuiangalia betri ya simu kabla ya jua kutua. Lakini nyuma ya faida liko swali ambalo mhandisi hakuulizwa, nalo ndilo linalonishughulisha: kioo kinapojizima chenyewe baada ya mimi kuinuka na kwenda zangu, ni nani aliyejiepusha na israfu, mimi au kioo?

Imepokewa katika mkusanyiko wa Ibn Majah ya kwamba Mtume alimpitia sahaba wake Saad akitawadha, akamkanya kwa israfu ya maji, na Saad alipostaajabu kusikia kwamba hata katika udhu mna israfu, akajibiwa kuwa imo, hata kama atawadhaye yu kando ya mto utiririkao. Wapo wanavyuoni walioona udhaifu katika sanadi ya hadithi hii, nami sina elimu ya kuwahukumu. Lakini maana yake imewatafakarisha waumini karne nyingi, kwa sababu mto haupungui kwa kitawadhio kimoja, na maji yaliyozidi hurudi mtoni yalikotoka. Na katika Injili ya Yohana, baada ya watu wapatao elfu tano kushiba, Yesu anawaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki kisipotee kitu, ilhali yeye aliyeizidisha mikate mitano hakuwa na haja ya makombo. Ajabu ya masimulizi haya mawili ni kwamba yote yanaagiza uangalifu mahali pasipo na uhaba. Lau israfu ingalikuwa suala la hesabu tu, mtoni pasingalikuwa na la kukatazwa, wala mlimani pasingalikuwa na la kuokotwa. Basi kosa haliko katika kiasi kilichopotea, bali katika moyo uliopokea neema kama kwamba haikutoka kwa yeyote, wala haina mwingine wa kumwendea.

Kwa mizani hiyo kioo hakina fadhila yoyote. Kinaokoa kweli, nami nakifurahia, ila hakina nia, na tendo lisilo na nia halihesabiwi ibada hata likizaa manufaa. Hofu yangu si kwamba chombo kinafanya kazi njema. Hofu yangu ni kwamba mwenye chombo ataridhika, akadhani ya kuwa uangalifu umekwisha kutekelezwa kwa niaba yake.

Tena yatupasa kutazama chombo hiki kinaelewaje kuwapo kwa mtu. Vile vihisi vinavyowekwa katika kumbi na ofisi kuzima taa vyenyewe, aghalabu huhisi joto la mwili linaposogea kutoka upande huu kwenda upande ule. Mtu aliyetulia tuli, awe katika tafakuri au amelala kwa maradhi, huhesabiwa kuwa hayupo, na taa humzimikia. Kwa kihisi, kuwapo ni joto linalotembea. Katika mji huu huu, ulipokuwa ukiitwa Élisabethville, kilichapwa mwaka 1945 kitabu cha Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyeishi miaka mingi miongoni mwa Waluba, kiitwacho La philosophie bantoue, naye alidai kwamba kwa watu aliowajua kuwapo ni nguvu, na kwamba nguvu ya mtu huongezeka au hupungua kwa kadiri anavyohusiana na wenziwe. Wanafalsafa wa Kiafrika, Paulin Hountondji akiwa mbele yao, walimkosoa kwa kuwavika watu wengi fikra moja kana kwamba hakuna anayewaza peke yake, na ukosoaji huo naukubali. Hata hivyo watu wa Jamaa, umoja wa Wakatoliki uliozaliwa kwa mafundisho yake katika makambi ya wafanyakazi wa migodi huko Kolwezi miaka ya 1950, waliishika maana hiyo maishani mwao, wakauona uzima kuwa kitu ambacho mke na mume, na jirani na jirani, hupeana. Mtu yupo kwangu pale ninapomzingatia. Nisipomzingatia, hata akiketi ubavuni mwangu, nimemweka ghaibu.

Na hili si jambo la vyombo vidogo peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikamilishwa mkondo wa umeme utokao bwawa la Inga, karibu na mdomo wa mto Kongo, hadi Kolwezi, mwendo wa kilomita zipatazo 1,700, ili kuilisha mitambo ya shaba na kobalti. Na nyaya zake zilipita juu ya vijiji ambavyo havikupata hata taa moja, kwa kuwa umeme unaosafirishwa mbali namna ile hauchotwi njiani pasipo mitambo ya gharama kubwa. Wanavijiji walikuwapo, joto la miili yao lilikuwapo, macho yao yaliziona nyaya kila asubuhi. Waliopanga mkondo hawakuwahesabu.

Huenda msomaji akasema nimeukuza mno udogo wa kioo cha simu, naye ana haki. Betri nzima ya simu ya kawaida hubeba umeme ambao jiko la wati 1,000 huuteketeza kwa dakika moja na kitu; basi aliyezima kioo akaacha jiko likiwaka bure hajaokoa neno. Na hapo ndipo penye jirani. Katika mitaa mingi ya komuni za Katuba na Kenya, hapa mjini kwetu, nyumba nyingi hugawana transfoma moja, na jioni, majiko yote yanaposonga bukari kwa wakati mmoja, nguvu ya umeme hushuka hata taa ya nyumba ya mwisho kwenye waya huwa kama kaa linalokufa. Anayelizima jiko lake mara chakula kiivapo anamwachia mtu fulani nuru. Hapana kihisi katika chombo chochote cha nyumbani kinachomwona huyo wa upande wa pili wa ukuta.

Yuko na aliye mbali zaidi. Kobalti iliyomo katika betri nyingi za simu hutoka zaidi katika nchi yetu, na sehemu yake huchimbwa kwa mikono na wale tunaowaita krezeri, katika mashimo ya Kolwezi na kandokando yake. Betri huchakaa kwa kadiri inavyojazwa na kumalizwa. Hivyo kioo kinachozimika kisipotazamwa huichelewesha siku ya betri kuchoka, na hapa chombo kinagusa maisha ya mtu ambaye hakitamhisi kamwe. Kinaweza kunipa muda zaidi na simu ile ile. Kuukubali muda huo, nisiitupe simu ingali nzima kwa sababu tu dukani imeletwa mpya, ni dhima ambayo mhandisi ameniachia mimi.