Chumba cha Kupanga na Heshima ya Mtu

Msomaji kijana, uzurupo nyumba ya makumbusho, jiulize swali hili: ni nani astahiliye kutunziwa nyumba yake, na kwa sababu gani?

Mjini Nairobi, nyumba aliyoishi Karen Blixen, mwandishi na mlowezi aliyetoka Denmark, ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986. Mjini New York, Marekani, iko nyumba ya namna nyingine. Ilijengwa mwaka 1863 katika mtaa wa Orchard, ikapangishwa kwa wahamiaji waliotoka Ujerumani, Ireland, Italia na kwingineko. Hadi mwaka 1935 watu wapatao 7,000 walikuwa wameishi humo. Mmoja wao, Natalie Gumpertz, alipotelewa na mumewe mwaka 1874, akawalea watoto wake kwa kushona nguo. Makumbusho yaliyoanzishwa mwaka 1988 huvitunza vyumba hivyo vidogo ili wageni waone jinsi wanyonge walivyoishi.

Nilipozisoma habari hizo nilimkumbuka mama yangu. Alivuka mpaka kutoka Tarakea, akapanga chumba kimoja Illasit, karibu na mlima Kilimanjaro. Tulilala humo watu wanne, pamoja na magunia ya vitunguu alivyouza sokoni. Siku moja wanafunzi wenzangu waliniuliza kwetu ni wapi, nami nikawaonyesha nyumba ya mawe ya mwenye nyumba wetu. Mama alinisikia, wala hakusema neno.

Huenda ukasema kwamba kutunza chumba cha dhiki ni kuisifu dhiki. Sivyo. Kovu halisifu jeraha. Lashuhudia tu kwamba mtu aliumia, naye akapona. Lakini tujihadhari: ni rahisi kuwastahi maskini waliokwisha kufa, ilhali twamdharau jirani aliye hai. Ainamishaye kichwa mbele ya cherehani ya marehemu, kisha akamcheka mchuuzi wa leo, ameheshimu chuma, hakumheshimu mtu.

Basi, ndugu yangu, huna haja ya kusafiri mbali. Uingiapo chumba cha kupanga, kiwe cha kwenu au cha mwenzio, ingia kama uingiavyo makumbusho: kwa adabu, ukiuliza na kusikiliza. Mimi nilimwomba mama radhi baada ya miaka kumi na miwili. Wewe usingoje muda huo.