Wema Uliokuwa na Bei

Tunapenda kusema tenda wema nenda zako. Methali nzuri, na ni rahisi kuikubali ukiwa huna shida. Lakini haisemi lolote kuhusu mtu asiyeweza kwenda zake, yule anayetenda wema kisha anabaki pale pale mlangoni akisubiri, kwa sababu wema ule ndiyo nauli pekee aliyonayo ya kumtoa alipo. Huyo tumweke wapi? Ametenda wema, au amefanya biashara?

Swali hili sijaliona likiulizwa kwa ukali na upole kwa pamoja kama lilivyoulizwa kwenye katuni moja ya Kijapani ambayo karibu kila ninayemtajia haijui. Inaitwa Haibane Renmei. Ilirushwa Japani mwaka 2002, sehemu 13 tu, basi. Ukiwauliza wanaofuatilia anime watakutajia Naruto, One Piece, Attack on Titan, na hawajakosea, zile ni kazi za watu wanaojua kumshika mtazamaji. Hii haina mapambano. Haina adui. Katika sehemu za mwanzo watu wanafanya usafi, wanakula mikate, wanatafuta nguo za mitumba, wanakwenda kazini. Ndiyo maana wengi huiacha njiani, yaani wanaondoka kabla jambo lenyewe halijafika.

Mtunzi wake ni Yoshitoshi ABe, mchoraji aliyefahamika kwa kubuni wahusika wa Serial Experiments Lain ya mwaka 1998. Hadithi hii aliianza kama vijitabu vya michoro alivyojichapishia mwenyewe, na amewahi kueleza kuwa mji wake wenye ukuta unadaiwa na riwaya ya Haruki Murakami yenye mji wa namna hiyo. Muziki ni wa Kow Otani, nao peke yake unatosha kukukalisha chini. Nitalazimika kusimulia hadi mwisho, kwa hiyo kama wewe ni wa kununa ukiambiwa mwisho wa hadithi, kaitazame kwanza, sisi tupo.

Mji unaitwa Glie. Umezungukwa na ukuta ambao ni ndege tu wanaouvuka wapendavyo, pamoja na wafanyabiashara fulani wasiozungumza na wenyeji. Ndani wanaishi watu wa kawaida, na pembeni yao haibane, maana yake manyoya ya kijivu: viumbe wanaofanana na binadamu, wenye mabawa madogo yasiyoruka na duara la nuru kichwani. Haibane huzaliwa kutoka kwenye kifukofuko kikubwa, tayari akiwa mtoto mkubwa au kijana, hakumbuki chochote isipokuwa ndoto aliyoota humo ndani, na jina lake hutokana na ndoto hiyo. Hawaruhusiwi kushika pesa wala kumiliki kitu kipya. Wanavaa walichokiacha wengine. Siku moja, bila kuaga, haibane aliyekomaa huondoka na kwenda nje ya ukuta, wapi hasa, hakuna anayejua. Usitegemee maelezo. ABe haelezi, na mimi naona amefanya vyema.

Rakka, ambaye jina lake linahusu kuanguka, ndiye mgeni tunayemfuata. Anayempokea ni Reki: msichana mvutaji sigara, mwenye pikipiki ndogo, mlezi wa watoto wote wa nyumba ile. Usiku wa kwanza mabawa ya Rakka yanachipuka kwa kupasua ngozi ya mgongo. Damu, homa, kilio. Reki anakesha naye. Anayaosha mabawa yale, unyoya kwa unyoya, ili damu isikauke na kuyaachia madoa. Ni tukio refu kuliko nilivyotarajia, na hakuna anayesema maneno makubwa. (Duara la nuru la Rakka, kwa upande wake, linagoma kukaa kichwani, inabidi lifungwe kwa waya. Nilicheka.)

Baadaye mdogo wao kipenzi, Kuu, anaondoka, na Rakka anazama kwenye huzuni. Manyoya yake yanaanza kuwa meusi, alama ya wale wanaosemwa wamefungwa na dhambi. Anayakata kwa mkasi, kwa siri. Hapo ndipo tunajua kwamba Reki alizaliwa hivyo hivyo, mabawa meusi tangu siku ya kwanza, na kwamba dawa anayompa Rakka ya kufichia weusi huo ameitumia miaka yote.

Mzee anayewasimamia haibane anampa Rakka fumbo. Kwa maneno yangu: ajuaye kwamba ana dhambi, huyo hana dhambi, je, wewe unayo? Ukisema ninayo, basi huna. Ukijiona huna, ndiyo hiyo tayari unayo. Unazunguka. Nimesoma watu wakilichambua fumbo hili kama hesabu, wakatafuta kosa la kimantiki. Mimi naona linaeleza kitu ambacho yeyote aliyewahi kukosa usingizi kwa sababu ya jambo alilolitenda anakijua: kesi ambayo mshtakiwa, shahidi na hakimu ni mtu mmoja haiishi. Rakka anatoka kwenye duara lile baada ya kutumbukia kwenye kisima kikavu na kukuta mifupa ya kunguru, akakumbuka kwamba ndotoni kulikuwa na ndege aliyejaribu kumvuta asianguke. Kumbe hakuwa peke yake. Hakujisamehe, alipata shahidi.

Reki hana kunguru. Na katika sehemu ya mwisho anamtapikia Rakka ukweli wote. Kwamba wema wake ulikuwa na bei. Kwamba siku alipokiona kifukofuko cha Rakka aliweka nadhiri moyoni: nikimlea atakayetoka humu, akaniamini mpaka mwisho, nitasamehewa. Angeweza kuwa Rakka, angeweza kuwa mwingine yeyote. Kukesha kule, kuosha damu kule, kulikuwa ni malipo ya awali. Kisha anamfukuza.

Sasa turudi kwenye swali. Immanuel Kant, mwaka 1785, alitoa mfano wa mwenye duka asiyempunja mteja, hata akiwa mtoto, kwa sababu uaminifu unamletea wateja. Kwa Kant, tendo hilo ni sahihi, ila halina thamani ya kimaadili, maana halikutoka kwenye wajibu. Na wengi wetu tumelelewa tukiambiwa matendo hupimwa kwa nia. Kwa mizani hiyo Reki amejihukumu sawasawa. Alichokiita upendo kilikuwa mtaji.

Sikubali. Sisemi nia si kitu, ninauliza ni nani aliyempa Reki kiti cha hakimu. Usiku ule kulikuwa na watu wawili chumbani. Mmoja alijua hesabu zake za ndani, mwingine alijua uzito wa kile kitambaa chenye maji mgongoni. Tunamsikiliza wa kwanza kwa sababu tunadhani moyo wa mtu ndio wenye ukweli wote kuhusu tendo lake. Lakini tendo jema lina mwisho mwingine, na mwisho huo uko kwa aliyelipokea. Rakka alikuwepo. Anaweza kusema nililelewa, na Reki hana uwezo wa kulifuta hilo kwa kukiri.

Najua utaniuliza: na yule anayegawa mchele mbele ya kamera? Naye asamehewe nia yake kwa kuwa mchele umeliwa? Hapana, na hoja ni ile ile. Nenda kamuulize aliyepewa mchele. Anakula, kwa sababu ana njaa, lakini anajua amenunuliwa, na atakwambia bila kuzungusha maneno. Wapokeaji si wajinga. Rakka anaambiwa wazi kwamba alikuwa chambo, anaumia, anatoka nje akilia, na bado akipima usiku mzima wa mabawa anakuta kuna kitu kilichozidi bei. Nadhiri haikumtaka Reki aoshe unyoya kwa unyoya.

Halafu kuna jambo lililonishika zaidi. Miaka yote Reki amewasaidia wengine, hajawahi hata mara moja kuomba msaada. Anaogopa kwamba akiita, hakuna atakayeitika, na hapo atakuwa amethibitishiwa. Ni rahisi kwake kutoa kila siku kuliko kuomba siku moja. Nawajua watu wa hivyo, na wewe unawajua: wanaopika kwenye kila msiba, wanaochangia kila harusi, na wakiugua wanazima simu. Tunawasifu kwa moyo wa kutoa. Labda tungewauliza wanamwogopa nani.

Rakka anarudi chumbani, ambako ndoto ya Reki imegeuka kuwa reli na treni inakuja. Anaweza kuona, hawezi kufanya lolote, maana haruhusiwi kumwokoa asiyeomba. Treni iko karibu. Na Reki, aliyejenga maisha yake yote juu ya kutolitamka neno hilo, kwa sauti ndogo sana, analitamka.