Utulivu wa Absalomu

Soma: Mwa. 4:1–9, 43:29–31, 44:33–45:2, 1 Sam. 25, 2 Sam. 13:20–29, 15:1–6, Mk. 3:1–5.

Katika shule moja ya sekondari ya kutwa huko Bumbuli, ambako asubuhi nyingi kengele hupigwa kabla ukungu haujainuka juu ya mashamba ya chai, mwalimu mmoja aliwagawa wanafunzi wa kidato cha pili wawili wawili. Kilikuwa kipindi cha stadi za maisha. Kila mmoja alitakiwa kumweleza mwenzake jambo moja linalomhuzunisha. Mwenzake asikilize bila kumkatiza, kisha arudie kwa maneno yake mwenyewe alichosikia, ili msemaji ajue kwamba ameeleweka. Kijana mmoja wa miaka 15 alilifanya zoezi hilo vizuri kuliko wote. Alimtazama binti aliyepangwa naye, akatulia, akaitikia kwa kichwa. Binti yule, ambaye hakuwahi kumwambia mtu yeyote habari hiyo, akaeleza kwamba mama yake alishuka kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi miaka miwili iliyopita, na tangu hapo hakuna simu wala salamu. Anaishi na bibi yake. Mwalimu alimpa kijana alama za juu.

Juma lililofuata habari ile ilikuwa wimbo kwenye bomba la maji. Kijana hakupaza sauti wala hakumtukana mtu. Alimwambia mwenzake mmoja tu, yule ambaye alijua hakika kwamba hatanyamaza. Binti akaacha kwenda shule.

Familia zote mbili husali katika kanisa moja, kwa hiyo jambo likafika kwa mzee wa kanisa. Sabato alasiri, Watafuta Njia walipokuwa wakifanya gwaride uwanjani, mzee alimwita mwalimu kando.

“Mwalimu, hapo mmemnolea mtu kisu.”

“Kisu ni cha jikoni pia, mzee.”

“Watoto wanahitaji maombi. Hizo mbinu za kuhesabu pumzi ni za dunia.”

Mwalimu hakujibu haraka. Alikuwa anajua kwamba mzee amekosea, lakini hakuwa na hakika kama yeye mwenyewe amepatia.

Swali lao si la Bumbuli peke yake. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba shule iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni ilimlea mtoto ajipende nafsi yake badala ya kushirikiana na wenzake. Baadaye darasa la tatu hadi la saba walipewa somo la Uraia na Maadili. Mwaka 2022 watafiti wa mpango uitwao ALiVE waliwapima vijana wa miaka 13 hadi 17 katika Tanzania, Kenya na Uganda: kujitambua, kushirikiana na kutatua matatizo, na pamoja na hizo stadi tatu, thamani moja, yaani heshima. Ni vema kwamba heshima iliwekwa. Waliopanga kipimo hicho waliona kwamba stadi peke yake haitoshi. Hata hivyo, yule kijana wa bombani angeweza kufaulu yote manne, kwa kuwa alijua ni jibu gani linalotakiwa.

Tuanze na kosa la mzee. Je, Biblia inadharau kumfundisha mtu kuzitambua hisia zake? Soma Mwa. 4:6, 7. Kaini alikuwa ametoka ibadani na sadaka yake imekataliwa. Bwana hakuanza na adhabu. Alianza na swali: kwa nini una ghadhabu, na kwa nini uso wako umekunjamana? Mwenye kujua yote alitaka Kaini aitaje hasira yake kwa kinywa chake mwenyewe. Kisha akamwonyesha kwamba dhambi iko mlangoni inamvizia, na kwamba anaweza kuishinda. Hayo ndiyo anayojaribu kuyafanya mwalimu wa stadi za maisha: itaje, ione inakokwenda, ishike kabla haijakushika. Kaini hakutoa jibu lolote. Alikwenda kusema na nduguye, wakaelekea uwandani. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba ibada pekee ingemtosha mtoto mwenye hasira. Kaini alikuwa na madhabahu, alikuwa na Mungu mwenyewe akisema naye, na bado alihitaji kujifunza jambo moja ambalo alikataa kujifunza.

Yusufu alijifunza. Alipomwona Benyamini, moyo wake ulimwelemea. Akaondoka haraka, akaingia chumbani, akalia, akanawa uso, akatoka, akajizuia, akaagiza chakula kiandaliwe (Mwa. 43:30, 31). Kila hatua imeandikwa, hata ya kunawa. Lakini katika sura ya 45 Yusufu huyo huyo hajizuii tena. Analia kwa sauti hata nyumba ya Farao inasikia. Kati ya machozi ya chumbani na machozi ya wazi kuna jambo moja: Yuda alisimama akajitoa abaki mtumwa badala ya mdogo wake (44:33). Yusufu alijizuia kwa muda, ili aone kama ndugu zake wamebadilika. Hakufanya kujizuia kuwa makao yake.

Sasa mgeukie Absalomu, maana hapa ndipo mwalimu naye anapopata shida.

Absalomu alikuwa na kila sababu ya kuwaka. Dada yake Tamari alikuwa ametendewa uovu na Amnoni. Baba yao Daudi alipopata habari alikasirika sana, kisha hakufanya kitu. Absalomu hakupiga kelele. Hakumwambia Amnoni neno, liwe jema au baya. Mwalimu humwambia mtoto ahesabu hadi kumi kabla ya kujibu. Absalomu alihesabu miaka miwili mizima, siku mia saba na kitu. Ilipofika sherehe ya kukata manyoya ya kondoo, akamkaribisha ndugu yake, akangoja moyo wake ufurahi kwa divai, akatoa ishara. Miaka kadhaa baadaye alikuwa anaamka mapema na kusimama kando ya njia ya lango. Kila aliyekuja na mashtaka alimwuliza ametoka mji gani, akamsikiliza, akamhurumia, na mtu alipotaka kumsujudia alimshika na kumbusu. Ndivyo alivyoiiba mioyo ya watu wa Israeli.

Mtu huyu alijua kutawala hasira yake. Alijua kusoma uso wa mwenye huzuni. Alijua kusikiliza. Hakuna stadi iliyopungua. Kilichopungua ni upendo, na kwa kuwa upendo haukuwapo, kila stadi ilifanya kazi ya kile kilichokuwapo. Kijana wa bombani hakuharibiwa na zoezi la darasani. Zoezi lilimpa ufunguo, na moyo wake ukachagua chumba cha kufungua.

Basi mtu atapima vipi kama utulivu wa mtoto ni wa Yusufu au wa Absalomu? Kwa nje vinafanana. Wazee wa Usambaa walikuwa na kipimo ambacho hakikuandikwa kwenye mtaala wowote. Walisema juu ya kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mvua na njaa, amani na ugomvi, viliunganishwa pamoja. Ugomvi wa wakubwa haukuhesabiwa kuwa jambo la chumbani mwao, kwa kuwa mwisho wake ulionekana mashambani na katika nyumba za maskini. Historia yao wenyewe iliwafundisha. Mfalme Kimweri ye Nyumbai wa Vugha alipokufa mwaka 1862, jamaa za ukoo wa Kilindi waligombania enzi, na katika vita hivyo watu wa milima hii walikamatwa na kuuzwa utumwani. Abdallah bin Hemedi aliyaandika mambo ya nasaba hiyo katika Habari za Wakilindi. Mkristo hawezi kupokea kila kitu kilichoambatana na imani hiyo ya kale kuhusu mvua na wafalme. Lakini swali lake ni jema, tena linakaribiana na lile ambalo Bwana alimwuliza Kaini mara ya pili, yuko wapi ndugu yako? Utulivu wa mtu haupimwi usoni pake. Unapimwa kwa hali ya yule aliye karibu naye.

Kwa kipimo hicho watu wazima pia wanaguswa, na pengine zaidi. Mtoto atajifunzaje kutawala hasira kwa mwalimu ambaye fimbo yake hufika kabla ya swali lake? Kanuni za serikali za mwaka 1979, zilizorekebishwa mwaka 2002, zinataka viboko visizidi vinne, mkuu wa shule achape mwenyewe au atoe kibali kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Iwapo fimbo inafaa kuwapo shuleni ni mjadala mwingine. Ila angalia hekima iliyomo: kati ya hasira ya mwalimu na mgongo wa mtoto, sheria imeweka mlango wa ofisi, kalamu na karatasi. Mara nyingi kufikia hapo hasira imepoa. Shule ambayo walimu wake huruka mlango huo inafundisha stadi za maisha kila siku, kwa vitendo, bila kitabu.

Tena si kila hasira ya mtoto ni ya kutulizwa. Yesu aliwatazama kwa hasira watu wa sinagogi, huku akihuzunishwa na ugumu wa mioyo yao, kisha akamponya mwenye mkono uliopooza (Mk. 3:5). Abigaili alipokutana na Daudi akiwa na watu mia nne wenye panga, hakuanza kwa kumwambia atulie. Alitangulizwa na punda: mikate mia mbili, kondoo watano, bisi, zabibu, mikate ya tini. Daudi alikuwa amedhulumiwa kweli na Nabali, na Abigaili alilishughulikia lile lililodhulumiwa, ndipo akasema maneno yake ya amani. Tamari hakupata mtu wa kumfanyia hivyo. Kumwambia mtoto aliyeonewa apumue polepole, huku aliyemwonea anaendelea kucheka bombani, ni kumwandaa Absalomu mwingine.

Jumapili asubuhi mwalimu na mzee walipanda pamoja hadi kwa bibi wa yule binti. Walipokaribishwa na kupewa chai, mwalimu alisema kwanza, na hakumsema kijana. Alisema kwamba yeye ndiye aliyemtaka mtoto afungue kidonda mbele ya mtu ambaye hakumchagua, na kwamba hilo halikuwa haki yake. Akaomba radhi kwa bibi na kwa mjukuu. Mzee aliinamisha kichwa. Hakuwa ametarajia mwalimu aanzie huko, na yale maneno ya kisu hayakumjia tena.

Ndipo kijana akaingia pamoja na baba yake. Alisimama vizuri. Alitaja alichofanya, akataja jinsi binti alivyojisikia, akasema atafanya nini ili isitokee tena. Hatua zote zilikuwapo, kwa mpangilio, kama zilivyo ubaoni.

“Mwanangu,” mzee akamwuliza binti, “umemsikia mwenzako?”

“Nimemsikia, babu. Anasema vizuri.” Akaangalia kikombe chake. “Hata siku ile alisikiliza vizuri.”

Hakuna aliyejibu. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, kijana alikuwa hana neno, na uso wake ulikuwa umebadilika. Bibi alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba kuni zimekwisha, na wingu lile juu ya kilima halitachelewa. Kijana akamtazama baba yake, halafu akaenda nyuma ya nyumba kutafuta shoka.