Ramani ya Msumari Mmoja

Katika orientiringi, mkimbiaji hupewa ramani na dira, akatafuta vituo porini kwa mpangilio uliowekwa. Njia ya kutoka kituo hadi kituo huichagua mwenyewe. Ndiyo maana mbio zikiisha watu hupakia mtandaoni nyayo za GPS kutoka kwenye saa zao, zikawekwa juu ya ramani, wakalinganisha nani alipita wapi na nani alipotezea wapi dakika zake.

Palikuwa na mpangaji njia kusini mwa Finland. Porini alifanya kazi safi: kila kituo alikikagua, kila duara la zambarau likakaa mahali pake. Ramani ya mtandaoni akaiachia usiku wa mwisho. Alichukua picha ya ramani, akabofya penye maegesho ya magari, akaandika skeli ya 1:10,000, akaiacha programu iamini kwamba juu ya karatasi ndiko kaskazini. Akajaribu kwa nyayo zake za kuzunguka maegesho. Zikakaa barabarani sawasawa. Akalala.

Kesho yake jioni nyayo zikaingia. Karibu na mwanzo zilikaa vizuri, lakini kadiri wakimbiaji walivyokwenda mbali ndivyo zilivyozidi kupotoka, hata watu wakaonekana wakikimbia juu ya ziwa. Msichana mmoja aliyeshinda daraja lake akaonekana amekatiza shamba lililopigwa marufuku. Wengine wakalaumu saa. Wengine wakamwita tapeli.

Kosa lilikuwa la kaskazini. Ramani za mchezo huu huchorwa kwa kaskazini ya dira, ili mkimbiaji asihangaike na hesabu akiwa mbioni. GPS haiijui dira. Kusini mwa Finland sindano huelekea karibu digrii 10 mashariki ya kaskazini ya kweli. Ramani iliyoshikizwa kwa msumari mmoja, ile alama ya maegeshoni, ilikuwa imezunguka hapo hapo: maegeshoni hapakuonekana tofauti, lakini umbali wa kilomita moja ilifika zaidi ya mita 170.

Ramani ilipowekwa upya, msichana akaonekana hana kosa. Ila si wote waliomsema waliorudi kuangalia. Mdharau mwiba mguu huota tende. Safari hii mwiba aliudharau mmoja, mguu ukavimba wa mwingine.

Basi mwandaaji, ukiwa na faili la asili lenye koordineti, tumia hilo, wala usikate kingo za picha baada ya kuitoa. Ukiwa na karatasi tu, shikiza angalau alama tatu zilizo mbalimbali, zisizo kwenye mstari mmoja: njia panda, kona ya uzio, mwisho wa daraja. Usiifungue ramani ya mtandaoni kwa umma kabla mkimbiaji wa mwisho hajaondoka. Na ukijaribu, jaribu kwa nyayo za mtu aliyefika kituo cha mbali kuliko vyote. Ramani ikikaa sawa huko, karibu itakaa yenyewe.