Mshale na Samaki Mgeni

Swali la insha hii ni fupi, lakini jawabu lake si jepesi. Samaki wa kigeni wameingia katika ziwa la umma. Wamezaana, wamewala samaki wa asili au wamewasukuma pembeni, na ziwa limeanza kugeuka kuwa ziwa jingine. Je, ni haki mamlaka ya uvuvi kumruhusu kila mwananchi apendaye ashike upinde na mshale akawaue samaki hao? Katika majimbo mengi ya Marekani ruhusa ya namna hii imekwisha kutolewa, na wapigao samaki kwa mishale hujiona kuwa wanalitumikia ziwa huku wakijifurahisha. Kwetu swali laweza kuonekana kuwa la mbali, lakini sababu zake zimo mlangoni petu, na heri tulipime sasa kwa utulivu kuliko kulipima siku ya amri na haraka.

Mtu atokaye Mbalizi akapita Mbeya na kushika njia ya Tukuyu huingia katika nchi ya maziwa madogo yaliyotulia ndani ya mashimo ya volkeno za kale. Ngosi ndilo mashuhuri. Lakini yapo pia Masoko, ambalo huitwa Kisiba, na Kiungululu, na mengine. Katika Kiungululu yuko samaki wa jamii ya perege aliyeandikwa na wataalamu mwaka 1924, ambaye asili yake ni ziwa hilo moja tu katika dunia nzima. Katika Masoko, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa samaki wa aina moja wameanza kugawanyika kuwa aina mbili: mmoja akikaa katika maji ya pembeni, na rangi yake ni ya manjano, mwingine akikaa kilindini, na rangi yake ni ya buluu. Mgawanyiko huo haukuchukua zaidi ya miaka elfu moja hivi. Maana yake ni kwamba wakati wazee wa wazee wetu walipokuwa wakipanda migomba juu ya kingo za ziwa lile, chini yao uumbaji ulikuwa ukiendelea kimya kimya. Ndoo moja ya vifaranga vigeni, ikimwagwa kwa nia njema asubuhi moja, yaweza kuikatiza kazi hiyo. Hicho ndicho kilichowekwa rehani katika swali letu.

Wala hofu hii si ya kubuni. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa sato, pamoja na jamaa yake mwingine wa kigeni, wameenea katika mabonde mengi ya mito ya Tanzania ambamo hawakuwamo zamani, na kwamba chanzo kikubwa ni mkono wa binadamu, uliowahamisha kwa makusudi kwa miongo mingi ili watu wapate kitoweo. Habari za Ziwa Victoria zajulikana zaidi. Sangara alitiwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa muda alikaa kama mgeni mwenye adabu. Ilipofika miaka ya 1980 aliongezeka kwa kishindo, na furu, samaki wadogo waliokuwa wa mamia ya aina, wakatoweka kwa wingi. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja. Wenyeji wa nchi kavu walipata viwanda na fedha za kigeni, na wenyeji wa majini wakaangamia.

Basi kosa ni la nani? Hapa ndipo fikira nyingi hupotea njia. Tumezoea kumwita samaki huyu mvamizi, na neno hilo hubeba hukumu ndani yake. Maana mvamizi ni mtu ajuaye mpaka akauruka. Sangara hakuruka mpaka. Alibebwa ndani ya chombo, akamwagwa, akafanya lile ambalo kila kiumbe hufanya: alikula, akazaa. Hana hatia, kwa kuwa hatia hutaka hiari na ujuzi. Hatia, kama ipo, ni ya waliombeba. Kwa hiyo tendo la kumwua haliwezi kuitwa adhabu. Laweza kuitwa matengenezo, au ulinzi wa wengine, au chakula. Lakini adhabu haliwi. Tofauti hii si mchezo wa maneno. Atoaye adhabu huona kuwa maumivu ya aadhibiwaye ni sehemu ya haki. Afanyaye matengenezo hana ruhusa ya kusababisha maumivu yasiyo ya lazima hata kidogo.

Tena, ugeni peke yake hautoshi kuwa hoja. Mtazame ngege. Samaki huyu alikuwa kitoweo kikuu cha Ziwa Victoria kabla ya sangara na sato. Leo katika ziwa lile kubwa karibu ametoweka, amesalia katika maziwa madogo ya kandokando. Lakini zamani alipelekwa pia Ziwa Singida na bwawa la Nyumba ya Mungu, mahali ambapo hakuwa na asili. Huko ni mgeni. Kwao ni kama marehemu. Mtu akienda Singida na podo lake kwa kanuni kwamba kila kigeni kiuawe, atawaua wakimbizi wa ukoo unaokaribia kukatika. Basi swali la haki halikomi katika kuuliza samaki ametoka wapi. Huendelea kuuliza anafanya nini hapo alipo, na akiondoka, nani atapona.

Sasa na tuutazame mshale wenyewe, kwa maana si kila chombo kina tabia moja. Mshale una sifa yake, na ni haki kuitaja kwanza. Kokoro hukumba yote: wakubwa na wachanga, wageni na wenyeji, hata mazalia. Sumu na baruti ni mbaya zaidi, kwa kuwa huua hata asiyeonekana. Mshale huchagua mmoja. Mpigaji humwona samaki, hulenga, huachia. Wengine wote wabaki salama. Hauvurugi matope ya chini wala hauachi wavu uliokatika ukaendelea kuua bila mwenyewe. Kwa mtazamo huu, hapana chombo chenye heshima kuliko upinde.

Lakini sifa hiyo ina kivuli chake. Wavu wa mvuvi mwangalifu hukamata kwanza, ukahukumu baadaye. Asiyetakiwa aweza kurudishwa majini akiwa hai. Ndoana nayo mara nyingi huacha nafasi ya toba. Mshale hukata hukumu kabla ya kusikiliza ushahidi. Na ushahidi wa majini ni wa kuhadaa: nuru ikiingia majini hupinda, hata samaki aonekane juu kuliko alipo, na mpigaji hana budi kulenga chini ya kile akionacho. Ikiwa hata mahali alipo samaki macho hukosea, yatajuaje kwa hakika jina lake? Sato na jamaa zake wa asili hufanana umbo, na zaidi ya hayo huzaana wao kwa wao, wakatokea chotara ambao hata mtaalamu hataki kuwataja bila kuwapima. Jambo hili la kuchanganyika damu ndilo mojawapo ya madhara makubwa ya sato. Na ndilo lile lile ambalo mshale hauwezi kuliona.

Marekani yatufunza kwa mfano ulio wazi. Yuko huko samaki wa asili, mkubwa wa mwili, ambaye kwa lugha yao ameitwa kwa jina la nyati. Kwa muda mrefu alitiwa katika kundi moja na samaki wa kigeni, kundi la wale waliohesabiwa kuwa hawana thamani, na wapiga mishale wakamwua kwa ruhusa ile ile iliyowahusu wageni. Mwaka 2019 wataalamu walitangaza kuwa mmoja wa samaki hao, aliyepimwa katika jimbo la Minnesota, alikuwa na umri wa miaka 112. Fikiri, msomaji: kiumbe kilichoogelea tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza chaweza kumalizwa kwa mshale mmoja na kijana atafutaye burudani ya Jumamosi, kwa sababu tu sheria ilikuwa na jina moja kwa vitu viwili.

Yafuata swali la manufaa, kwa maana ruhusa ya kuua isiyofikia lengo lake ni kuua bure. Je, mshale waweza kulirudisha ziwa katika hali yake? Mshale huwafikia samaki wakubwa waogeleao karibu na uso wa maji yaliyo meupe. Hauwafikii walio kilindini, wala katika maji ya matope, wala vifaranga. Jike la sato huatamia mayai kinywani mwake na kuwalinda watoto wake, hivyo majike machache yaliyosalia yaweza kurudisha hesabu iliyopungua. Ni kweli kwamba uvuvi mkali hubadili ziwa: sangara walipovuliwa sana katika Ziwa Victoria, baadhi ya aina za furu zilianza kuonekana tena tangu miaka ya 1990. Lakini kazi ile ilifanywa na nyavu za maelfu ya wavuvi waliotafuta riziki kila siku, si na mishale ya wachache. Mshale waweza kupunguza katika ziwa dogo lenye maji maangavu; kumaliza, hauwezi.

Na likitazamwa suala la riziki, jambo jingine huonekana. Leo kanuni zetu za uvuvi zinakataza kumvua sangara mchanga aliye chini ya sentimeta 50. Yaani yule aliyeangamiza amekuwa mali ya kulindwa, kwa sababu maisha ya watu yamejengwa juu yake. Silaumu kanuni hiyo. Watoto wa kando ya ziwa hawali historia. Nataka tu ionekane kuwa jamii haiwezi kumtangaza samaki yule yule kuwa adui katika ziwa moja na hazina katika ziwa la pili, kisha ikamwachia mwenye upinde aamue mwenyewe yuko katika ziwa gani. Uamuzi kama huo ni wa wote. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 yaweka maji ya nchi mikononi mwa Rais kama mdhamini wa wananchi. Mdhamini hagawi amana kwa kila aombaye, wala hairuhusu itumike kwa furaha ya mmoja na hofu ya wengine. Ziwani huja wanawake kuteka maji, watoto kuoga, wavuvi kutega. Mshale uliokosa samaki haujakosa kila kitu.

Limebaki jambo la moyo. Wako watakaosema kuwa samaki si mtu, na maumivu yake hayahesabiki. Hata tukikubali kuwa yake si sawa na yetu, haifuati kwamba si kitu. Samaki aliyechomwa akachopoka huenda akafa polepole mahali asipoonekana. Hakumfaa mlaji, wala hakuandikwa katika hesabu ya waliopunguzwa. Mwindaji wa kale alifunga safari kwa njaa, na nyama ilirudi nyumbani. Mchezaji huenda kwa kuua kwenyewe, na mara nyingi mizoga huachwa ikaoza ufukweni, jambo ambalo huko Marekani limeleta malalamiko mengi. Mtu akizoea kuua huku akisifiwa kuwa mtetezi wa viumbe, atapoteza kwanza huruma, kisha ataupoteza na ukweli, kwa kuwa atahitaji samaki mgeni aendelee kuwako ili naye aendelee kusifiwa.

Msomaji ataniuliza: basi tukae tukitazama hali samaki wa asili wanakwisha? La. Kutokutenda nako ni tendo, na aliyeleta madhara ana wajibu wa kuyapunguza. Lakini wajibu una utaratibu. Wa kwanza ni kufunga mlango: vifaranga vya kigeni visimwagwe katika ziwa wala mto bila idhini ya wajuao, na mabwawa ya kufugia samaki yajengwe mbali na njia za mafuriko. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wa pili ni kuyalinda maziwa ambayo yangali na samaki wake wa pekee, mfano wa Kiungululu na Masoko, na kuwafundisha wenyeji wao thamani ya walicho nacho, kwa maana hapana askari awezaye kulinda ziwa ambalo wakazi wake hawalijui. Wa tatu ni kupunguza wageni kwa uvuvi ambao mvuvi aweza kumwachia asiyehusika, na samaki waliovuliwa waende jikoni au sokoni.

Mshale waja baada ya hayo matatu, na kwa masharti: mahali ambapo mgeni hana wa kufanana naye kati ya wenyeji, kwa watu waliofunzwa na kuandikwa, wakisimamiwa na wavuvi wa pale pale, kwa saa na sehemu zilizotengwa, na kila aliyeuawa aliwe. Penye masharti hayo, ruhusa ni haki, na sioni sababu ya kumlaumu mwenye upinde. Yasipokuwapo, ruhusa hiyo ni njia rahisi ya mamlaka kuonekana inatenda, nao mzigo wa kosa letu wote ukatwikwa kiumbe ambaye hakuomba kuletwa.

Samaki mgeni hataweza kuturudisha kwenye ile siku ndoo ilipomwagwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Tuwezalo ni kuhakikisha kuwa ndoo nyingine haimwagwi kesho, na kwamba atakayeuawa kwa ajili ya kosa letu atauawa kwa haja, kwa hakika, na bila shangwe.