Dhara Isiyoonekana na Dhima ya Mwenye Kujua

Mpasuaji wa mifupa apitishaye chuma ndani ya paja lililovunjika huhitaji kuiona njia yake, na kwa hiyo huletwa kando ya meza mashine ya eksirei yenye mkono uliopinda, ambayo kila akikanyagapo kikanyagio chake humwonyesha mfupa juu ya kioo. Mionzi hiyo haina rangi, wala harufu, wala maumivu. Na tena, jambo ambalo wengi wasimamao pale hawakupata kuambiwa, sehemu kubwa ya ile inayowafikia haitoki moja kwa moja katika mashine, bali ni ile iliyougonga mwili wa mgonjwa ikatawanyika pande zote. Je, mtu aliyepatwa na dhara asiyoihisi, ambayo huenda ikadhihiri baada ya miaka ishirini au isidhihiri kabisa, amedhulumiwa? Na kama amedhulumiwa, ni nani aliyemdhulumu?

Wako wasemao kwamba hapana dhuluma pasipo mdhulumiwa anayejulikana. Saratani iletwayo na mionzi haina alama ya kuipambanua na saratani nyingine, wala hapana kadhi awezaye kuthibitisha kwamba muuguzi fulani aliugua kwa sababu ya upasuaji wa siku fulani. Hoja hii ina nguvu mahakamani, lakini mbele ya dhamiri naiona dhaifu mno, kwani kukosekana kwa ushahidi hakulitengui tendo. Hutunyima sisi wanadamu uwezo wa kulihukumu tu, na waumini hawakupata kusadiki kwamba hesabu ya matendo hukoma pale uwezo wetu unapokoma.

Ujinga nao ulikuwa udhuru zamani. Röntgen alipoigundua mionzi hii mwaka 1895, hakuna aliyejua inavyoula mwili, na Clarence Dally, msaidizi wa Edison, aliyekuwa akiijaribu mashine kwa mikono yake mwenyewe, alikatwa mikono hiyo na hatimaye akafa mwaka 1904. Mwaka 1936 mjini Hamburg lilisimamishwa jiwe la ukumbusho lenye majina ya waliokufa namna hiyo, na hao nawakumbuka kwa huruma pasipo lawama. Lakini leo kikomo cha mionzi kwa mfanyakazi kimekwisha kuwekwa, wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, na tangu mwaka 2011 lenzi ya jicho nayo imependekezewa kiasi hicho badala ya 150, baada ya kubainika kwamba mtoto wa jicho huanza kwa mionzi michache kuliko ilivyodhaniwa. Aliyesoma haya hawezi tena kujificha nyuma ya ujinga wa mwenziwe.

Maana katika chumba kile elimu haikugawanywa sawasawa. Mavazi ya risasi yakingayo mionzi ni machache, na aghalabu huvaliwa na wakubwa. Mengine hukunjwa na kutupwa juu ya kiti hata risasi ikapasuka ndani pasipo kuonekana kwa nje. Kipima mionzi kinachopaswa kukaa kifuani kimelala kabatini. Muuguzi aambiwa, “Shika mguu huo, dada,” naye anaushika, pengine ana mimba changa ambayo hajamwambia mtu, na kunyamaza kwake kunahesabiwa kuwa ni ridhaa. Hasha! Ridhaa ni ya mtu aliyejulishwa anachokiridhia, na huyu hakujulishwa neno.

Najua nitajibiwa kwamba mgonjwa anatokwa na damu na hapana wasaa wa mafunzo. Mafakihi walikwisha kulipima jambo hili: dharura hulihalalisha lililokatazwa, ila kwa kadiri ya dharura yenyewe, wala haivuki hapo. Dharura yahalalisha picha inayohitajika, haihalalishi mguu kusahauliwa juu ya kikanyagio wakati mpasuaji akizungumza; wala haimzuii mtu kukiweka chanzo cha mionzi chini ya meza, ili itakayotawanyika isielekee usoni mwa watu, ama kumwambia asiye na kazi ya mikono arudi nyuma, kwani akitoka mita moja hadi mbili mbali na mgonjwa hupatwa na takriban robo tu ya aliyokuwa akiipata.

Haya yote hayagharimu fedha. Yanagharimu maneno machache ya yule mwenye mguu juu ya kikanyagio, ayaseme kwa sauti kabla hajakanyaga, na angoje hata mfagiaji aliyeingia na ndoo awe amekwisha kutoka.